Karanga Alizosaga Wifi

Mwenye mashine alitazama ndani ya ndoo yangu, akazamisha vidole, akavitoa na kuvipangusa kwenye shati lake lililojaa unga.

"Hizi ni karanga," alisema.

"Ndiyo, ni karanga."

"Zina mafuta hizi. Nikizipitisha hapa, kesho nitasaga mahindi ya nani? Nenda ukatwange kwenu."

Nilibeba ndoo yangu nikarudi nyumbani, mwendo wa nusu saa wa kupanda. Kila niliyekutana naye njiani aliniuliza kama mashine imeharibika, na kila mmoja nilimjibu ndiyo, imeharibika. Ukweli usingenipunguzia kitu. Lakini ndivyo nilivyo. Nikikataliwa, napenda kosa lionekane ni la mashine.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo mpaka leo sizitaji. Kila kitu nilichojua baada ya hapo nilijifundisha kwa simu: kushona mapazia, kusuka, kuoka mkate ndani ya sufuria iliyofunikwa makaa juu. Kwetu Maretadu mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo nilikuwa napakua video nikienda Dongobesh, halafu nazitazama nyumbani mpaka nikariri hata kikohozi cha mwenye video. Mwaka ule nilikuwa natazama siagi ya karanga.

Sababu ilikuwa kaka yangu. Alifanya kazi Arusha, na kila alipokuja alileta kopo moja la siagi ya dukani. Alikula yeye kwanza, kisha akatugawia kwa kisu, kama dawa. Safari hii alikuwa anakuja likizo mwezi wa sita. Nilitaka akute kopo langu mezani, laini kuliko lake, ale, halafu aseme. Sikujua nilitaka aseme nini hasa. Nilitaka tu aseme mbele ya watu.

Nilianza na kinu. Ya kwanza ilitoka unga. Ya pili ilitoka donge lenye vipande kama kokoto. Ya tatu niliikaanga mpaka ikawa nyeusi. Ya nne ilikuwa karibu, lakini ulimi ulisikia chembe, na mimi nikishasikia chembe siwezi kusikia kitu kingine. Kila moja niliiandika kwenye daftari, muda wa moto na kiasi cha chumvi, halafu nikaimwaga nje.

"Kuku wangu sasa wanakula karanga," mama alisema akiwa mlangoni, "na mimi nakula makande."

"Bado haijawa laini, mama."

"Ulaini wa kupeleka wapi? Mkate wenyewe ni mpaka mgeni aje."

Kinu kilikuwa kimeshindwa, mashine imekataa, na umeme wetu ulikuwa wa sola ya kuchajia simu na taa mbili. Kilichobaki ni jiwe. Nyumbani kulikuwa na jiwe la kusagia la bibi mzaa baba, pana, limelala kwa mteremko, na jiwe lake dogo la kushika kwa mikono miwili. Tangu mashine ije kijijini hakuna aliyelihitaji. Ila jiwe hilo lilikuwa kwenye kijumba cha wifi, na kitu kikishaingia kwenye kijumba kile hakikutoka.

Wifi yangu, mke wa kaka, alifiwa na mtoto wa miezi minne. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, homa ya siku mbili. Kwa wazee wa kwetu, mwanamke aliyefiwa na mtoto anayenyonya hutengwa. Hapiki na wenzake, hali nao, hachoti maji mahali wanapochota, hampi mtu mkono, mpaka muda wake uishe, anyolewe, aogeshwe, ndipo arudishwe ndani. Siku hizi wengi wameacha. Padri alishalisema kanisani zaidi ya mara moja, na mama alikuwa anaitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani akapaka rangi nyekundu kwenye mpini wa kikombe cha wifi ili kisichanganyike na vyetu.

Aliyepanga muda ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Baba alikwisha kufa, na neno la shangazi ndilo lililokuwa limebaki mahali pake. Alisema miezi minane. Wifi akahamishiwa kwenye kijumba cha nyuma tulichokuwa tunawekea magunia, akapewa sufuria moja, godoro, na lile jiwe, maana unga wetu wa mashine hakuruhusiwa kuushika. Mahindi yake alipewa mazima.

Kaka alizika mtoto wake, akakaa siku tatu, akarudi kazini. Mtoto alikuwa wa wawili, kutengwa kukamwangukia mmoja. Hakuna aliyeuliza. Mimi pia sikuuliza. Kwa miezi saba nilikuwa namwekea wifi chai yake juu ya tofali hatua kumi kutoka mlangoni kwake, nasema "chai hiyo," halafu naondoka kabla hajatoka. Sikuwa naamini sana mambo hayo. Niliyafuata kwa sababu ilikuwa rahisi.

Kwa hiyo siku niliyovuka lile tofali sikwenda kwa huruma. Nilikwenda kwa sababu ya jiwe. Ilikuwa Jumatano mchana, mama amekwenda kwenye sala za jumuiya.

"Hodi."

Sauti kutoka ndani: "Nani?"

"Ni mimi, wifi."

"Wewe usiingie."

"Naomba kutumia jiwe."

Alicheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka. "Miezi saba hakuna aliyekuja kunisalimia," alisema, "na wa kwanza kuja amekuja kulisalimia jiwe."

Nikaingia. Yeye alisogea mpaka ukutani, akaweka mikono nyuma, asije akanigusa kwa bahati mbaya. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa msitu kwa kuwa kuchana kulikuwa kumekatazwa. Nilipiga magoti mbele ya jiwe na ndoo yangu. Karanga nilikuwa nimeshazikaanga na kuzipepeta, hazikuwa na ganda hata moja. Nilianza kusukuma jiwe dogo kama nilivyoona kwenye video moja ya wanawake wa nchi nyingine. Karanga zikaruka huku na huku.

"Wifi," alisema kutoka ukutani, "unasali au unasaga?"

"Nasaga."

"Mbona unainama kama unaomba toba? Zimepoa hizo. Karanga husagwa zikiwa bado za moto. Na usijaze jiwe. Weka chache. Sukuma na kifua."

Kwao ni Balangdalalu. Mama yake alikuwa akisaga karanga za kutia kwenye mboga na kuziuza sokoni, na yeye alikua akisukuma jiwe tangu akiwa hajafika urefu wake. Alinivumilia kwa muda, halafu nadhani mikono yake ilishindwa. Aliniambia nitoke pale. Akapasha karanga upya kwenye sufuria yake, akapiga magoti, akaanza.

Mwanzoni ulikuwa unga. Halafu unga ukaanza kushikana. Halafu, bila kuongeza tone la kitu chochote, rangi ikabadilika ikawa nzito na yenye kung'aa, mafuta yakatoka yenyewe, na kile kitu kikaanza kuteremka jiwe polepole mpaka kwenye ungo aliotandika jani la mgomba. Harufu ilijaa chumba kizima. Nilichovya kidole. Ilikuwa laini. Ilikuwa kile nilichokitafuta miezi miwili, na mkono ulioitoa haukuwa wangu. Nakiri kwamba jambo la kwanza nililolisikia moyoni lilikuwa chuki.

"Vipi?" aliuliza.

"Sio mbaya," nilisema.

Nilikwenda Jumatano mbili zaidi. Nilisema moyoni kwamba najifunza, na kweli nilijaribu, lakini kila mara aliishia kusaga yeye na mimi kuandika kwenye daftari. Wakati anasaga alikuwa anaongea. Aliongea sana, kama bomba lililokuwa limefungwa. Jumatano ya pili alianza kunisimulia usiku ule wa homa, jinsi mtoto alivyoacha kulia na yeye akadhani amepata nafuu, akamfunika vizuri, akalala.

Nilimwuliza kama chumvi inaingia kabla ya mafuta kutoka au baada.

Jiwe lilisimama. "Baada," alisema. Akaendelea kusaga. Habari za mtoto hakuzirudia tena.

Alihesabu muda wake kwa Jumapili. Kila nilipoingia aliniambia zimebaki ngapi. "Zimebaki tano, wifi." "Zimebaki nne." Alikuwa ameshaamua nguo atakayovaa siku ya kurudishwa, na mahali atakapokaa mezani, upande wa dirisha, na alitaka siku hiyo apewe chai ya moto kabisa. Chai ya kwenye tofali, alisema, ilikuwa inamfikia ikiwa imekwisha kukata tamaa.

Kaka alikuja Ijumaa. Shangazi alitumiwa ujumbe aje Jumapili, tunywe chai ya pamoja baada ya misa. Jumamosi asubuhi mama na kaka walikwenda mnadani, nami nikakimbilia kijumbani na karanga zangu bora, zile nilizochagua moja moja, za ukubwa mmoja.

Nilikuwa na kitu kingine mkononi: nyundo na msumari mnene. Siagi ya wiki iliyopita nilikuwa nimeirudia ulimini kwa mawazo usiku mzima, na nilikuwa na hakika kwamba kulikuwa na chembe. Nilisoma mahali kwamba jiwe la kusagia likishakuwa laini mno haling'ati, lazima litiwe meno. Kabla wifi hajasema kitu nilikuwa nimeshapiga magoti naligonga, tak tak tak, vumbi jeupe linaruka.

"Wifi! Unalifanyaje jiwe la watu?"

"Nalitia meno."

"Halikuwa na shida."

"Lilikuwa na chembe."

"Chembe ni zako, za kichwani." Alisogea akaangalia. "Basi, umeshalichonga. Sasa saga kwanza mahindi. Viganja viwili, usage, uwape kuku. Kisha viwili vingine. Jiwe likichongwa linatema mchanga siku ya kwanza. Hata mtoto anajua."

"Nitaliosha."

"Mchanga wa jiwe hauoshwi, wifi. Unasagwa mpaka utoke."

Saa zilikuwa zinakwenda. Mnadani akikosa mtu wa kuzungumza naye, mama hurudi mapema. Niliosha jiwe mara tatu kwa maji ya moto na brashi ya nguo, nikapitisha kitambaa cheupe, nikamwonyesha kitambaa. "Unaona? Kisafi."

"Karanga ni zako," alisema. Akapiga magoti akasaga.

Alipomaliza, alifuta kingo za kopo kwa kidole, akalifunika, akalisukuma sakafuni kunielekea, maana hakunipa kitu mkononi hata mara moja. "Atakula?" aliuliza.

"Nani?"

"Nani! Mume wangu, si yupo?"

"Atakula."

"Usimwambie nani amesaga. Asije akaogopa. Ale tu." Halafu akasema, "Zimebaki tatu."

Jumapili tulikaa watu wanne mezani: shangazi, mama, kaka na mimi. Kaka alikuwa ameshamsalimia mke wake asubuhi, akiwa amesimama karibu na banda la ng'ombe na yeye akiwa mlangoni pa kijumba. "Umeamkaje?" "Nimeamka salama." "Haya." Kama watu wawili waliokutana kwenye kingo mbili za mto. Alikuwa amemletea kitenge, akampa mama amtunzie mpaka muda uishe.

Nilikata mkate wangu vipande vya upana mmoja, nikaweka kopo katikati. Kaka alipaka, akauma, akaacha kutafuna.

"Hii umetengeneza wewe?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Shangazi, onja hii. Hakika ya Mungu, ya dukani haiifikii."

Shangazi alionja huku amekunja uso, kama alivyofanya kila kitu. "Fundi wa simu," alisema. "Kumbe humo ndani hamna picha za wanaume tu." Akapaka kipande cha pili, kinene. Mama alinitazama kwa namna ambayo hakuwa amenitazama tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke. Nilikuwa nimekaa wima, mikono chini ya meza, nikiwa na furaha. Furaha hiyo ilidumu vipande viwili vya mkate.

Tulisikia wote. Kitu kilipasuka kinywani mwa shangazi. Alisimamisha taya, akaingiza kidole, akatoa punje moja nyeusi ya mchanga, akaiweka juu ya meza mbele yangu.

"Nina meno sita," alisema. "Na wewe unayatafuta?"

Kaka akaangua kicheko. "Siagi ya kokoto!"

"Mume wako atakwenda kwa daktari wa meno siku ya harusi," shangazi alisema, na yeye mwenyewe akacheka. Mama naye: "Na kuku wangu walikuwa wanakula nini siku zote hizo, maskini?"

Ulikuwa utani. Nimeirudia siku hiyo kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote, na kila mara nafika hapohapo: ulikuwa utani tu, na ulikuwa unaisha. Kaka alikuwa ameshaanza kupaka kipande kingine. Shangazi alikuwa anajimiminia chai. Ningecheka nao, ingepita. Lakini ile punje ilikuwa juu ya meza, na kila mtu alikuwa anaiona kuwa yangu.

"Siyo mimi niliyesaga," nilisema.

"Nani basi?" aliuliza mama.

"Wifi."

Kaka alibaki ameshika mkate katikati ya sahani na mdomo. Shangazi aliinuka, akatoka nje, tukamsikia anatema, anasukutua, anatema tena. Mama alianza kukusanya vikombe, vyote, hata vyenye chai. Aliporudi, shangazi hakuniangalia mimi. Alimwangalia mama.

"Mlimruhusu lini kuingia jikoni?"

"Hajaingia, dada. Sijamwona."

"Basi karanga zilijisaga zenyewe."

Alitoka, akaenda kusimama uani, akaita. Wifi alikuja mpaka kwenye banda la ng'ombe na kusimama hapo, mahali alipokuwa amezoea kusimama. Sisi wote tulikuwa kwenye baraza.

"Shikamoo shangazi. Shikamoo mama."

Hakuna aliyeitikia. Kwetu huwezi kumnyima mtu marahaba hata ukiwa umegombana naye.

"Umetia mkono kwenye chakula cha nyumba hii?" shangazi aliuliza.

"Nimesaga karanga, shangazi."

"Nani alikuruhusu kuingia jikoni?"

"Sijaingia jikoni. Tangu mwezi wa kumi na moja sijakanyaga baraza hilo." Akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayejua jambo hili litakwisha sasa hivi, likisemwa neno moja. "Wifi, waambie. Sema wewe ndiye uliyekuja kwangu."

Jambo lilikuwa hivi, na kila aliyekuwa pale alilielewa. Kama yeye ndiye aliyetoka na kuingia kwetu, amevunja, na muda wake umeharibika. Kama mimi ndiye niliyeingia kwake, kosa ni langu, nitatengwa mimi siku kadhaa na kuchekwa kijiji kizima, na yeye atabaki na Jumapili zake tatu.

"Wifi," alisema tena. "Sema."

"Mimi nilikuta zimeshasagwa," nilisema.

Sijui nilitoa wapi sentensi hiyo. Ilitoka ikiwa imekamilika, haina chembe.

"Umesikia," shangazi alimwambia. "Muda unaanza upya. Miezi minane. Leo ndiyo siku ya kwanza."

Wifi hakulia. Alimtafuta kaka kwa macho. Kaka alikuwa anaangalia kiatu chake.

"Mume wangu, umesikia?"

"Nimesikia."

"Unasemaje?"

"Ni mambo ya wakubwa hayo. Tutaongea."

"Lini? Baada ya miezi minane?" Kisha akauliza kwa sauti ndogo, kana kwamba wako wawili tu, "Ulikula?"

"Nilikula."

"Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu," alisema.

Aliitikia kwa kichwa, akarudi kijumbani, akafunga mlango. Shangazi aliagiza kopo langu lizikwe, siyo kutupwa. Nililizika mimi, nyuma ya choo, shimo la kina cha mkono mzima, kingo zimenyooka.

Jumatatu asubuhi tulikuwa jikoni, mama na shangazi na mimi, wifi alipoingia. Hakupiga hodi. Alikuwa amevaa ile nguo aliyoiandaa, amejifunga kilemba juu ya nywele zake, ana mfuko mmoja mkononi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi wetu, akachota maji kwa kata yetu, akanywa mpaka mwisho, akairudisha mahali pake. Shangazi alifungua mdomo. Wifi alimfikia yeye kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa, akainama, akanyoosha mkono.

"Shikamoo shangazi."

Mkono wa shangazi ulitoka wenyewe. Miaka sabini ya kuitikia haizuiliki kwa sekunde moja. "Marahaba," alisema, na wakashikana, ndipo akashtuka na kuuvuta kama ameshika kaa la moto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," mama alisema kwa pumzi, na yeye akampa mkono, akijua.

Kwangu hakunyoosha mkono. "Wewe ulishaingia kwangu," alisema, mbele yao wote wawili. Akatoka, akashuka kwenda barabarani kungoja gari la upande wa Hanang, kwao. Kaka alikuwa bado amelala, au alikuwa anajifanya. Mbwa ndiye aliyemsindikiza mpaka kwenye mti wa njia panda, kisha akarudi.

Hawakuniuliza kitu kuhusu maneno yale ya mwisho. Shangazi alisema mwanamke anayeondoka husema lolote. Kaka alirudi Arusha Jumatano kabla likizo haijaisha.

Nilikaa wiki mbili silali vizuri. Niliandika kwenye daftari namna ya kukiri, nikafuta, nikaandika tena, kila sentensi nikiona haijakaa sawa. Siku moja tunachambua maharage barazani nikamwambia mama bila maandalizi. Nilimwambia yote: Jumatano, jiwe, msumari, mahindi niliyokataa kusaga kwanza.

Mama hakuacha kuchambua. "Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Tangu siku ya kwanza. Nimerudi jumuiya, naingia uani, harufu ya karanga inatoka kijumbani. Nyayo zako mlangoni. Nikasema, acha nione atasema lini."

"Na Jumapili? Ulikuwa umekaa pale, mama. Ulisikia nikisema nimekuta zimesagwa."

"Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

Alitupa punje mbovu kwa kuku. "Kabla yako nilikuwa na mtoto mwingine. Alikufa ana miezi sita. Shangazi yako huyuhuyu alinipa mwaka mzima, na ulipofika mwezi wa kumi na moja mtoto wa jirani alikimbilia kwangu akanikumbatia, na nikaanzishiwa upya. Mtoto wa miaka mitatu! Nilimaliza. Hakuna aliyenipunguzia hata siku moja." Akapeperusha ungo. "Yeye ameshindwa siku ya pili."

Sikuwahi kuambiwa kuhusu huyo mwingine. Nilitaka kumwuliza alikuwa wa kike au wa kiume, lakini nilimtazama usoni nikaona kwamba swali hilo lilipaswa kuulizwa na mtu mwingine, zamani sana.

"Nimwambie kaka?" niliuliza.

"Mwambie. Utajisikia vizuri."

Nilimpigia jioni ile, nikiwa nimesimama juu ya kichuguu ambapo mtandao hushika. Nilimweleza kwa mfululizo bila kumpa nafasi. Kwa nyuma nilisikia pikipiki, na watu wanacheka.

"Kaka?"

"Nipo."

"Unaweza kwenda Balangdalalu. Ukimweleza kwamba nimekiri, ukimwambia mama naye anajua, anaweza kurudi."

"Huku nimeshawaambia watu aliondoka mwenyewe," alisema. "Na shangazi ameshaongea na watu wa kule kuhusu kurudisha ng'ombe wa mahari. Sasa nikisema hivi, si nitaulizwa mimi nilikuwa wapi siku ile?"

"Ulikuwa umekaa barazani."

"Ndiyo hivyo." Alipumua. "Umemwambia nani mwingine?"

"Mama tu."

"Basi iishie hapo. Usimpigie yeye, utamwumiza bure. Sawa?"

Namba ya wifi nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeshaiandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa mwandiko wangu mzuri.

"Sawa, kaka," nilisema.